Zócalo: kwa nini uwanja wa katikati ya Mexico City unatitia, na kwa nini hautitii sawasawa

Jibu linalosikika mara nyingi ni kwamba Mexico City inazama kwa sababu ilijengwa juu ya ziwa. Si uongo, ila halielezi jambo kubwa kuliko yote. Watu wamejenga mahali hapa tangu mwaka 1325, Waazteki walipoanzisha Tenochtitlan kwenye kisiwa ndani ya ziwa Texcoco. Kwa karne nyingi majengo mazito yalikuwa yakititia, na waashi walikuwa wakiinua sakafu na kuongeza ngazi, maisha yakaendelea. Kisha ikaja karne ya 20, na katika karne hiyo peke yake katikati ya jiji ikashuka karibu mita 10. Wakati huo sehemu kubwa ya ziwa ilikuwa imekwisha kukaushwa. Kitu kipya kilichokuwa kimeingia ni pampu.

Kuna pia swali la pili, ambalo kwa kweli ndilo linalowanyima usingizi wahandisi. Uwanja mzima ukishuka mita 10 kwa pamoja, majengo yanayouzunguka yangeshuka nao bila kupasuka. Linalovunja kuta ni upande mmoja kushuka haraka kuliko mwingine. Zócalo hautitii sawasawa, na sababu ya hilo imelala chini yake: piramidi na mahekalu yaliyobomolewa miaka 500 iliyopita bado yanaamua ni ukuta upi wa leo utainama.

Uwanja wenyewe

Jina rasmi ni Plaza de la Constitución, na katiba inayotajwa hapo ni ile ya Cádiz, Uhispania, ya mwaka 1812. Jina la Zócalo lilikuja baadaye. Mwaka 1843 Rais Antonio López de Santa Anna aliamuru soko la Parián, lililokuwa ndani ya uwanja, libomolewe, na mnara wa uhuru usimamishwe. Kikajengwa kitako tu, na kitako cha nguzo kwa Kihispania ni zócalo. Mnara haukuja, jina likabaki, na leo miji mingi ya Meksiko huita uwanja wake mkuu hivyohivyo. Kitako hicho cha duara kilionekana tena mwaka 2017 mafundi walipokuwa wakikarabati sakafu ya uwanja.

Kaskazini ya uwanja lipo Kanisa Kuu na ubavuni mwake, upande wa mashariki, kanisa dogo la Sagrario. Mashariki ipo Ikulu ya Taifa, iliyojengwa palipokuwa na kasri la Moctezuma, mfalme wa Waazteki. Kona ya kaskazini mashariki, nyuma kidogo ya Kanisa Kuu, yapo mabaki ya Templo Mayor, hekalu kuu la Tenochtitlan. Ishike picha hii: hekalu kuu kaskazini mashariki, na majengo mengine matakatifu ya Waazteki yakienea kutoka hapo kuelekea chini ya Kanisa Kuu. Tutairudia.

Tope ambalo sehemu kubwa ni maji

Bonde la Mexico liko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, limezungukwa na milima ya volkano, na kwa asili halina mto wa kutolea maji nje. Mvua yote iliyonyesha ilikusanyika katika maziwa matano: Texcoco, Xochimilco, Chalco, Zumpango na Xaltocan. Majivu ya volkano yakaanguka humo kwa maelfu ya miaka, yakaoza yakawa udongo wa mfinyanzi wa aina ya pekee.

Ukichukua kipande cha udongo huu na kukikausha, mara nyingi utakuta kwa kila kilo moja ya udongo mkavu kulikuwa na kilo tatu za maji, wakati mwingine zaidi. Udongo wa mfinyanzi wa kawaida, hata ukiwa laini, hubeba maji yasiyofikia uzito wake wenyewe. Chini ya katikati ya jiji tabaka la juu la tope hili hushuka hadi karibu mita 33, ambapo kuna tabaka jembamba gumu la mchanga na udongo ulioshikamana. Chini yake kuna tope tena, na chini zaidi ndipo penye mchanga na changarawe zinazohifadhi maji ambayo visima virefu huyatafuta.

Uzito wa chochote kilicho juu ya ardhi hii hubebwa na wawili: chembe za udongo zinazogusana, na maji yaliyobanwa katikati yake. Ukivuta maji kutoka tabaka la changarawe, shinikizo la maji katika tope lililo juu hupungua taratibu. Mzigo haujapungua hata kidogo, lakini mbebaji mmoja amejitoa, basi chembe zinabeba peke yake. Zinasogeleana, nafasi kati yake zinafungwa, na uso wa ardhi unashuka. Na hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Wanadhani tope hili ni kama dodoki, kwamba ukilirudishia maji litavimba tena. Halivimbi, ila kwa kiasi kidogo sana. Chembe zikishapangika upya hazirudi zilikotoka, kwa hiyo sentimita iliyopotea imepotea.

Kutoka mafuriko hadi kiu

Kabla ya Wahispania, tishio lilikuwa maji kupanda. Katikati ya karne ya 15 Nezahualcóyotl, mtawala wa Texcoco, alisimamia ujenzi wa tuta la kilomita zipatazo 16 lililotenga maji ya chumvi na maji matamu na kuzuia mafuriko. Tenochtitlan ilipoanguka tarehe 13 Agosti 1521, mfumo huo uliharibiwa, na Wahispania wakajenga mji mpya juu ya ule wa zamani bila kuelewa maji yaliomo. Mwaka 1607 mhandisi Enrico Martínez alianza kuchimba handaki la kutoa maji nje ya bonde kupitia Huehuetoca. Handaki likawa dogo, likaporomoka na kuziba. Mwaka 1629 mji ulifurika, na maji hayakukauka kwa karibu miaka mitano. Watu walikwenda kanisani kwa mitumbwi. Sehemu chache sana zilibaki kavu, na mojawapo ilikuwa hapa uwanjani, kwa sababu vifusi vya mahekalu vilikuwa vimepainua. Watu walipaita Kisiwa cha Mbwa, maana mbwa wa mji walikimbilia huko.

Dawa ya mafuriko iliyochaguliwa ilikuwa kuyamaliza maziwa. Kazi hiyo ilichukua karne tatu, na tarehe 17 Machi 1900 Rais Porfirio Díaz alizindua Mfereji Mkuu, wa kilomita 47 hivi, uliotoa maji machafu na ya mvua nje ya bonde kwa mteremko tu, bila mashine. Lakini jiji lililokuwa likiyafukuza maji ya juu lilikuwa linaanza kuyavuta ya chini, kwa visima vilivyoongezeka kadiri watu walivyoongezeka.

Mwaka 1925 mhandisi Roberto Gayol alilinganisha vipimo vya miaka iliyopita akatangaza kwamba jiji linashuka. Sababu hasa ilielezwa mwaka 1947 na mhandisi Nabor Carrillo, aliyeonyesha kwa hesabu uhusiano kati ya visima na kutitia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kulikuwa na sehemu za jiji zilizoshuka zaidi ya sentimita 40 kwa mwaka. Visima vya katikati vikafungwa, uchimbaji ukahamishiwa pembezoni, na maji ya mto Lerma yakaanza kuletwa kwa bomba mwaka 1951. Kasi katikati ya jiji ikapungua mno. Huu ni ushahidi ambao haujibiki: pampu ziliondolewa, na kutitia kukapungua. Lakini tatizo lilihama pamoja na pampu. Leo sehemu za mashariki, upande wa mji wa Nezahualcóyotl, hushuka hata sentimita 40 kwa mwaka, huku eneo la Zócalo likishuka kwa sentimita chache.

Madhara kwa mifereji yalikuwa makubwa kuliko kwa majengo, ingawa hayaonekani. Mwaka 1910 kitako cha ziwa Texcoco kilikuwa chini ya katikati ya jiji kwa karibu mita 2. Kufikia mwaka 1970 kilikuwa juu yake kwa zaidi ya mita 5. Jiji lilikuwa limegeuka kuwa bakuli, na Mfereji Mkuu uliotegemea mteremko ukapoteza mteremko. Ndiyo maana mwaka 1975 mahandaki ya kina kirefu yalianza kazi, chini ya tope linalotembea, na mwaka 2019 likafunguliwa handaki la mashariki lenye urefu wa kilomita 62 na kipenyo cha mita 7.

Kwa nini basi wasiache tu kuvuta maji? Kwa sababu takriban theluthi mbili ya maji ya jiji hutoka chini ya jiji lenyewe. Mfumo wa Cutzamala, unaoleta maji kutoka mbali, hulazimika kuyapandisha zaidi ya mita 1,000 kuvuka milima, na umeme wake ni gharama kubwa. Anayefunga kisima lazima aseme atatoa wapi maji mengine, na jibu hilo limekuwa gumu kila mara.

Piramidi chini ya nguzo

Tope lililowahi kubebeshwa mzigo mzito kwa muda mrefu huwa limekwisha kubanwa. Ukiliwekea jengo jipya halishuki sana. Tope la jirani ambalo halikuwahi kubeba kitu bado lina safari yote mbele yake. Waazteki walijenga Templo Mayor kwa awamu saba, kila moja ikiifunika iliyotangulia, na kutitia kulikuwa miongoni mwa sababu za kujenga upya. Kila awamu iliongeza uzito. Bila kukusudia, walikuwa wakiandaa ardhi: hapa imegandamizwa, pale haijaguswa.

Kanisa Kuu lilianzwa mwaka 1573 kwa mchoro wa Claudio de Arciniega, na lilikamilishwa na Manuel Tolsá mwaka 1813. Miaka 240. Msingi wake ni jukwaa kubwa la mawe lililowekwa juu ya maelfu ya vigingi vya mbao vilivyopigwa kwenye tope. Jukwaa lilianza kuinama kabla kuta hazijafika juu, na waashi walisawazisha kwa kujenga nguzo za upande ulioshuka ndefu kuliko nyingine. Tofauti hiyo imo ndani ya jengo hadi leo, na anayelipima asipoijua atapata hesabu isiyo sahihi ya jinsi lilivyoinama.

Nyuma ya kanisa, kaskazini, ardhi ilikuwa imegandamizwa na majengo ya kale. Kona ya kusini magharibi, chini ya mnara wa magharibi, haikuwa hivyo. Kufikia mwaka 1989 tofauti ya usawa kati ya sehemu hizo mbili ilikuwa karibu mita 2.4. Sagrario lina shida ya namna nyingine: piramidi iko chini yake katikati, kwa hiyo katikati imekataa kushuka na pande zake zikaning'inia, kama mkeka uliotandikwa juu ya jiwe. Kuta za namna hiyo hupasukia juu, na nguzo hufunguka kwenda nje.

Kunyoosha kwa kuchimba

Wazo la kwanza la yeyote ni kuinua upande ulioshuka. Kanisa la mawe la uzito huo haliinuliki. Wazo la pili ni kuliwekea nguzo ndefu hadi tabaka gumu. Lilijaribiwa miaka ya 1970 kwa nguzo maalumu zenye vichwa vinavyorekebishwa, na matokeo hayakutosha. Shida ya nguzo katika ardhi hii ni kwamba jengo husimama, ardhi ikaendelea kushuka, na baada ya miaka jengo linaonekana kama linaota kutoka chini. Mfano ulio wazi ni mnara wa Malaika wa Uhuru kwenye barabara ya Reforma, uliozinduliwa mwaka 1910 juu ya nguzo: ngazi 14 zimelazimika kuongezwa ili watu waufikie. Kwa kulinganisha, jengo la Torre Latinoamericana, lililokamilika mwaka 1956, lilipangwa na Leonardo Zeevaert lishuke pamoja na ardhi, kwa nguzo 361 zinazokaa kwenye lile tabaka gumu la mita 33, ambalo nalo linashuka.

Njia iliyochaguliwa kwa Kanisa Kuu ilikuwa kinyume cha silika: kuushusha upande uliobaki juu. Mhandisi wa Italia Fernando Terracina aliipendekeza mwaka 1962 kwa ajili ya mnara wa Pisa, lakini Mexico City ndiyo iliyoitumia kwanza kwa kiwango kikubwa. Wahandisi Enrique Tamez na Enrique Santoyo pamoja na msanifu Sergio Zaldívar waliifanya kati ya 1993 na 1998.

Kwanza matao na nguzo za ndani zilishikizwa kwa jukwaa la vyuma, kwa sababu jengo linaloinama taratibu kwa karne nne halipendi kusogezwa kwa miezi. Kisha vikachimbwa visima 32 vya kipenyo cha zaidi ya mita 3, kupenya jukwaa la mawe na mabaki ya kale, hadi kina cha kati ya mita 14 na 25. Kutoka chini ya kila kisima mafundi walisukuma bomba jembamba kwa ulalo ndani ya tope, wakatoa kipande chembamba cha udongo, wakaacha tundu lijifunge lenyewe kwa uzito wa ardhi. Tundu likijifunga, uso wa juu hushuka kwa milimita. Upande wa kaskazini, ule mgumu, ulitolewa udongo mwingi, na upande wa kusini magharibi haba. Baada ya kila mzunguko walipima, wakaamua ni visima vipi vifuate.

Yanayoweza kuharibika katika kazi hii ni mengi. Ukitoa udongo haraka mno, tundu halijifungi taratibu bali huporomoka, na ukuta wa juu hupasuka. Ukisahau kudhibiti maji, sakafu ya kisima huvimba na kufumuka kwa shinikizo la chini. Ukitoa sehemu moja bila kufikiria jirani yake, unalipinda jengo badala ya kulinyoosha. Kwa jumla zilitolewa zaidi ya mita za ujazo 4,000 za tope. Pisa, kwa mbinu hiyohiyo miaka michache baadaye, mita za ujazo 38 zilitosha.

Hawakulenga kulinyoosha kabisa. Walirekebisha sentimita 90 hivi kati ya zile mita 2.4, kwa sababu kuondoa mwinamo wote kungevunja hata marekebisho ambayo waashi wa zamani waliyajenga ndani ya nguzo. Kisha ikaja hatua ambayo watu huisahau, nayo kwa maoni yetu ndiyo iliyoliokoa kanisa: kuingiza saruji laini ndani ya tope la sehemu zinazoshuka haraka, ili ziwe ngumu karibu sawa na zile zilizobanwa na piramidi. Bila hatua hiyo, mwinamo ungerudi uleule. Kanisa bado linashuka pamoja na jiji, lakini tofauti kati ya kona zake inakua polepole sana kuliko zamani.

Matetemeko hayamo katika hesabu ya kutitia, ingawa tope ni lilelile. Tarehe 19 Septemba 1985 mawimbi ya tetemeko lililotokea mamia ya kilomita mbali, pwani ya Pasifiki, yalikuzwa na tope hili, yakatikisa kwa mapigo ya takriban sekunde mbili na kuangusha hasa majengo ya ghorofa za wastani. Tarehe hiyohiyo mwaka 2017, tetemeko jingine liliangusha sanamu ya Tumaini, kazi ya Tolsá, kutoka juu ya saa ya Kanisa Kuu.

Kuusoma uwanja kwa miguu

Anzia kituo cha metro cha Zócalo, mstari wa 2, kilichofunguliwa mwaka 1970. Ndani yake kuna mifano midogo ya uwanja katika zama tofauti, na ule wa Tenochtitlan utakuonyesha mahekalu yalipokuwa.

Ukitoka, nenda kona ya kusini magharibi ya Kanisa Kuu. Hapo kuna mnara wa Enrico Martínez, uliowekewa alama za usawa wa maziwa. Ukutani karibu na hapo, kwenye mnara wa magharibi wa kanisa, Jiwe la Jua la Waazteki liliegemezwa baada ya kufukuliwa uwanjani tarehe 17 Desemba 1790, likakaa hadi 1885. Ukingo wake wa chini ulitumiwa na wapimaji kama alama ya usawa wa jiji lote. Shida ni kwamba alama yenyewe ilikuwa kwenye kona inayoshuka kuliko zote. Kipimo cha kweli kilipatikana kwa kuiunganisha na alama ya Atzacoalco, kaskazini mwa jiji, kwenye mwamba usiotitia. Jiwe lenyewe, la kipenyo cha karibu mita 3.6 na uzito wa tani 24 hivi, sasa liko Makumbusho ya Taifa ya Anthropolojia.

Ndani ya kanisa tafuta timazi, uzi mrefu ulioning'inizwa kutoka kwenye kuba hadi karibu na sakafu. Ni kifaa kilekile ambacho fundi mwashi hutumia kunyooshea ukuta. Sakafuni kumewekwa alama za mahali ncha yake ilipokuwa miaka tofauti. Itazame kwa dakika mbili, kisha inua macho kwenye nguzo zilizo karibu: uzi umenyooka, nguzo ndizo zilizoinama.

Templo Mayor fika siku yoyote isipokuwa Jumatatu, makumbusho yanapofungwa. Eneo hilo lilianza kufukuliwa kwa ukamilifu baada ya tarehe 21 Februari 1978, wafanyakazi wa umeme walipogonga jiwe la mungu wa kike Coyolxauhqui, lenye kipenyo cha mita 3.25. Eduardo Matos Moctezuma ndiye aliyeongoza uchimbaji. Tazama sakafu na ngazi za mawe: zimepinda kama mawimbi, zikishuka pembeni na kuinuka palipo na kiini cha awamu za zamani.

Kisha nenda upande wa kaskazini wa Ikulu hadi kanisa la zamani la Santa Teresa, ambalo sasa ni ukumbi wa sanaa. Simama ndani, katikati ya sakafu, miguu ikiwa pamoja. Kabla hujaona mwinamo kwa macho, kifundo cha mguu mmoja kitakwambia uko upande gani.